Mama alisikia jina ya Amisi

Leo mama amenifelisha mutihani wa Kingereza kabla hata sijaufanya, na yeye hajui hata neno moja ya Kingereza.

Mutihani wa kusema njo kesho. Nisipopita, burse ya kulipa masomo inaenda. Wiki muzima niko nameza maneno na verbe, kichwa inawaka moto.

Asubuhi nikakaa ku mulango na mazoezi ku telefone. Swali: eleza safari moja yenye hutasahau.

Mimi mutu wa hapa kwetu Kasuku, nimesafiri wapi? (Wenye mulishapanda ndege, musicheke.)

Niko na safari moja tu, ya wakati wa vita. Nilikuwa mutoto. Shangazi alitukimbiza na pirogi ku mto mpaka Lokandu, mimi na kaka yangu Amisi; mama alibaki. Amisi hakurudi.

Basi nikaieleza. Kingereza ya kuvunjikavunjika, lakini ikatoka yote: mvua, homa, mwisho wa Amisi. Nikafurahi hata, sikukwama!

Nikainua macho. Mama, kando yangu, ameacha kutwanga majani ya sombe.

"Umetaja Lokandu," akasema. "Na Amisi umemutaja."

"Njo mazoezi tu, mama."

"Shangazi yako aliniambia homa, akanyamaza. Wewe sikukuuliza, niliogopa. Sasa niambie na miye. Na Kiswahili."

Ndugu zangu, nikashika telefone tena, nikaandikia ninyi.

Mpaka sasa mama ananingoja, na sombe ingali mu kinu.

Mutihani niacheni nao, nitaona kesho. Niambieni hii tu: kwa kuelezea mama, mutu anaanziaka wapi?