Mizigo ya Watu na Kidole cha Baba

Iko siku moja, mjukuu wangu, ambayo huikumbuka kila ninapomwona mtu amekalia sanduku ili lifunge. Ndiyo maana nilicheka leo asubuhi nilipokukuta umelikalia lako, zipu imekwama katikati, na kando yako jibini mbili za Masisi ambazo mama wa nyumba ya pili amekuletea umpelekee mwanawe Lubumbashi. Ulidhani nakucheka wewe. Hapana. Nilikuwa namcheka msichana mwingine wa hapa hapa Murara, aliyekuwa na umri kama wako na ujinga kuzidi wako kidogo.

Msichana huyo ni mimi. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea ualimu Kisangani, na siku hizo kwenda Kisangani maana yake ni kupanda lori hapa Goma na kukaa juu ya magunia wiki nzima, mvua yako, jua lako. Katika mtaa wetu hakuna binti aliyekuwa amekwenda mbali hivyo kwa ajili ya masomo. Nisikudanganye, nilivimba kichwa.

Desturi yetu unaijua. Mtu akisikika anasafiri, hodi haziishi mlangoni, na kila anayebisha ana "kidogo tu". Maharagwe kidogo tu ya dada aliyeolewa kule. Viazi kidogo tu, maana kule hakuna viazi kama vyetu. Kitenge, barua, picha ya ubatizo, jibini, tena jibini. Sikumkatalia hata mmoja. Kukataa kungeonekana majivuno, na kusema kweli nilipenda kutumwa. Nilipenda kuwasikia wakisema barabarani, "Tumutume ule binti wa karani, ule anaenda mbali."

Wa mwisho alikuwa shangazi yangu, dada ya baba. Yeye alikuja na jiwe. Usicheke. Jiwe la kusagia, jeusi, la huu mlima wetu wa moto, limechongwa vizuri kabisa. Binti yake alikuwa ameolewa Kisangani.

"Kule mawe hakuna, ni udongo na maji tu," akaniambia. "Mwenzako anasagia nini sasa, mutoto maskini?"

Mji wenyewe ni huu wetu, ambao ukichimba choo unapambana na jiwe kabla hujafika magotini, na mimi nikakubali kubeba jiwe safari ya wiki nzima. Nikasema, "Ndiyo, shangazi," nikaliweka kwenye beseni.

Baba yangu alikuwa karani kwenye ghala la kahawa. Kazi yake ilikuwa kutia alama kwenye magunia, na kidole gumba chake cha kulia kilikuwa cha zambarau kwa wino mwaka mzima, hata siku ya Pasaka. Alikuwa mtu wa maneno machache sana. Mapenzi yake yote yalikaa kwenye kidole kile. Watu wetu walitoka upande wa Bukavu, Wakatoliki tangu mababu, na kwetu mtoto hakuondoka nyumbani kwenda safari kabla baba hajamchorea msalaba kwenye paji la uso. Alichora, kisha akakusukuma begani kidogo, ndiyo kusema nenda.

Siku ya safari yangu alipaswa kuwa kazini. Mama alikuwa ameniaga nyumbani, kwa sababu mdogo wangu alikuwa mgonjwa na hangeweza kumwacha. Baba aliomba ruhusa fupi, akaja mbio hadi pale malori yanapopakia. Nilimwona akitokea katikati ya watu, shati la kazi limejaa vumbi la kahawa, anahema.

Na mimi sasa! Mkono huu mfuko, mkono huu mfuko, mgongoni furushi la vitenge vya watu, kichwani beseni lenye jiwe, na juu ya jiwe jibini. Watu wawili walikuwa wamenitwika. Ngata ya kitambaa chini ya beseni ilikuwa imeshuka mpaka kwenye nyusi. Dereva ameshawasha injini, anapiga honi.

Baba akasimama mbele yangu, akainua kidole, akatafuta paji la uso wangu. Halikuonekana.

"Tua iyo basani kidogo, mwanangu," akasema.

"Papa, nikitua, nani atanitwika tena? Kamio inaondoka. Tutaonana Noeli."

Ndivyo nilivyomjibu baba yangu, tena bila kumtazama, maana ukiwa na jiwe kichwani huwezi kuinamisha shingo wala kuigeuza. Nilichokuwa naona ni vifungo vya shati lake. Alisubiri kidogo. Halafu akachora msalaba pale alipoweza kufika, ubavuni mwa beseni. Nilisikia kidole chake kikipita kwenye bati, juu kwenda chini, kisha upande kwa upande. Akanisukuma begani, nami nikaenda.

Nilipoketi juu ya magunia na beseni limekaa magotini, ndipo nikauona ule msalaba. Wino ulikuwa bado mbichi. Na lori halikufika mbali. Lilisimama Munigi kuongeza mizigo. Munigi ni pale tu, wewe mwenyewe unakwenda kwa miguu. Ningeshuka, ningeomba mtu wa pikipiki anikimbize hadi ghalani, ningepata msalaba wangu na kurudi nimkute dereva bado anabishana na wapakizi. Nilisimama kabisa. Kisha nikatazama mizigo. Nani angeiangalia? Jibini za watu, barua za watu, jiwe la watu. Nikaketi tena.

Kando yangu alikaa mama mmoja mzee, mchuuzi wa samaki wakavu, mwenye kikapu kimoja tu. Alikuwa ameyaona yote tangu mjini.

"Weye mutoto," akasema, "umebeba watu wote ya Goma. Papa yako tu ndio umemuacha chini."

Hakusema kwa ukali. Nililia kutoka Munigi mpaka Rumangabo, na yule mama akanishikia mfuko mmoja ili nipate mkono wa kufutia machozi.

Siku ya tatu mvua ilitukuta msituni. Niliufunika msalaba kwa kiganja, lakini maji yalipita katikati ya vidole, na wino ukateremka hadi kwenye gauni langu. Lori lilipokwama kwenye matope, mama wa kikapu alishuka, akaaga, akatembea na wenzake hadi kijiji cha mbele, wakalala kwenye nyumba yenye paa. Mimi nilibaki nikilinda jibini ambazo zilikuwa zimeanza kunuka.

Kisangani, binti ya shangazi alinipokea kwa shangwe. Alipoliona jiwe alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa anapeleka mihogo yake kwenye mashine ya kusaga, kama kila mtu wa mtaa ule. Jiwe akalitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Kila nilipomtembelea nilipita kando yake, na kila mara niliwaza kwamba jiwe ndilo lililobarikiwa, mimi nikatoka hivi hivi.

Noeli haikumkuta baba. Homa ilimchukua, na barua ilinifikia akiwa ameshazikwa. Nilimlilia, bila shaka. Lakini usiku na mchana kilichonichoma zaidi ni ule muda mfupi wa kutua beseni, ambao niliuona mrefu mno kumpa baba yangu.

Nilirudi mwaka wa masomo ulipokwisha, na mfuko mmoja. Mama alinikuta mlangoni. Kabla hata ya kunikumbatia alifuta mkono kwenye kitenge chake, akainua kidole gumba.

"Papa yako aliniachia kazi," akasema. "Aliniambia: akirudi, umuwekee musalaba, miye sikupata nafasi. Na alisema nisikugombeze."

Kidole cha mama hakikuwa na wino, kilinukia kitunguu. Alichora polepole, kama mtu anayeogopa kukosea kazi ya mwingine. Kisha akanisukuma begani, kama alivyofanya baba.

Basi nakuambia wazi, mwanangu. Chukua nguo za siku chache. Huko uendako nao wanavaa nguo na wanazifua. Viatu ni hivyo vya miguuni na ndara. Karatasi zako za shule zikae mwilini. Ukishafunga, beba vyote, utembee mpaka barabara ya lami na urudi bila kupumzika. Ukichoka, fungua tena upunguze, na mkono mmoja ubaki mtupu. Kwa wenye "kidogo tu", waambie utawapelekea ndugu zao salamu, ukazifikishe kweli. Hizi jibini nitazirudisha mimi. Nitasema uzee wangu ndio uliokataa. Wakinuna, wanune kwangu, mimi siendi popote.

Utaniambia sanduku lako lina magurudumu na siku hizi hakuna anayesafiri na beseni kichwani. Najua. Lakini kesho utakuwa unahesabu mifuko, unajibu simu za wenye mizigo, na mama yako atasimama pembeni akisubiri umtazame. Mtazame. Mizigo iache chini, umtazame mpaka yeye ndiye akuambie nenda. Nakuomba hilo kuliko yote, kwa sababu hakuna lori lililowahi kunirudisha pale nilipomwacha baba.

Na sasa njoo hapa karibu. Inama kidogo, mimi nimefupika. Mungu akutangulie barabarani na angani, akukutanishe na watu wa kukushikia mfuko siku ya machozi, akuweke salama, akurudishe Goma ukiwa mzima na moyo wako ule ule. Msalaba huu si wangu. Ni wa baba yangu, uliokosa mahali siku ile, mama akanitunzia, nami nimekutunzia wewe. Paji lako liko wazi, nauweka hapa.

Haya, nimeshakusukuma begani. Nenda, mwanangu.