Nyumba ya Katikati ya Mibuni

Mjomba wangu alikuwa na bucha Isansa, na mimi ndiye niliyepeleka damu ya mbuzi kwenye nyumba iliyokuwa katikati ya mibuni. Wengine walikataa. Walisema anayeishi humo ni mnyonya damu, na kwamba bibi zetu walimkuta vilevile alivyo, kijana asiyezeeka. Mimi nilikuwa nimetoka Tunduma, ambako ndoa yangu na dereva wa malori ilinishinda. Niliogopa wanaume wenye kelele. Huyu alikuwa kimya.

Siku ya kwanza alifungua mlango nusu. Ndani madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia ya kahawa. Nilimwona ni wa rika langu, lakini shikamoo ilinitoka yenyewe.

"Marahaba," akajibu bila kusita. "Weka hapo, binti. Usiingie."

Sikuingia siku ile. Niliingia baadaye, kidogo kidogo: kwanza nilisimama kizingitini, kisha nikaomba kigoda. Alikuwa na Kinyiha cha zamani, maneno niliyowahi kuyasikia kwa marehemu bibi yangu tu. Aliniuliza kama mvua imelowesha, mahindi yamefika wapi, nani ameoa. Kisha alisikiliza. Mume wangu hakuwahi kunisikiliza hivyo.

"Nakuja kuishi hapa," nikamwambia.

"Hujui unachosema."

"Najua. Unakunywa damu. Mimi ndiye ninayekuletea."

Akacheka, kwa mara ya kwanza. Nikayaona meno yake. Sikuinuka kigodani.

Nilihamia baada ya mavuno. Jua lilimuunguza, kwa hiyo nikienda kuanika mahindi nilipenya mlangoni upesi na kuufunga nyuma yangu, kama mwizi. Nje nako watu waliniachia njia nzima. Kisimani wanawake waliondoa ndoo zao nilipofika. Mjomba alinikataza bucha. Damu akawa anaiacha barabarani, ndani ya dumu. Taratibu nikaacha kutoka. Nyumba ilikuwa na giza, lakini kule nje ndiko nilikokosa pumzi.

Mchana mmoja nilijikata kidole nikikata boga. Alikuwa amekaa mbele yangu. Aliinuka, akaingia chumba cha ndani.

"Nifungie," alisema. "Nikiomba, usifungue."

Aliomba. Alibembeleza, alilia, akaniita kwa sauti ya bibi yangu. Nilikaa sakafuni nimeegemea mlango, kidole kimefungwa kwa kanga, nami nikilia. Hakuna aliyenizuia kuondoka. Nilijiuliza niende wapi.

Jua lilipozama alinyamaza. Nikafungua. Alikuwa amejikunyata pembeni, ameuma mkono wake mwenyewe hadi umechanika.

"Kwa nini hukuondoka?" akaniuliza.

"Na wewe kwa nini hukuuvunja mlango? Mbao zenyewe zimeliwa na mchwa."

Aliutazama mlango. Nikachana shuka, nikamfunga mkono.

Mama alikuja Jumapili moja baada ya ibada. Alisimama kwenye mibuni, hakutaka kusogea.

"Mwanangu, amekufungia?"

"Hapana, mama."

"Basi toka."

Nyuma yangu, gizani, nikamsikia akinong'ona, "Nenda." Nikatoka. Nilikaa na mama kwenye majani mpaka alasiri, akinisuka nywele kama zamani, bila kunihoji. Nilipoinuka alinishika upindo wa kanga. Alinishika kwa muda mrefu. Kisha akaachia, nikarudi ndani, na sijaondoka tena.

Mwaka jana niliota mvi. Yeye ndiye aliyeziona kwanza. Alizishika kwa vidole viwili, uso wake ukiwa uleule wa kijana aliyenifungulia mlango nusu, akazitazama. Kisha akaingia chumba cha ndani, na siku ile nzima hakugusa damu yake.