Shamsia na Bonde Lisilo na Alama ya Kisu

Saa moja asubuhi, umande haujakauka, Shamsia Mwinyijuma (52) anapenya katikati ya mikindu ya bonde la Kitopeni, wilayani Kisarawe. Anachagua mti, anakata kuti moja changa, anahamia mwingine. Ukimfuata nyuma huoni alipopita.

"Ukikata mawili, mti unanuna," anasema. "Bibi yangu alikuwa anatukagua. Akiona alama ya kisu, siku hiyo huli kwake."

Bonde limelala kati ya vijiji viwili vikongwe vya kata ya Chole, na wanawake wa pande zote mbili hupata humo ukindu wa mikeka. Mkeka mmoja humchukua Shamsia wiki mbili na kumpa Sh30,000. Mikeka hiyo ndiyo iliyosomesha wanawe watatu.

Nani angedhani ustadi huo ungekuja kumtokea puani? Mwaka jana kampuni moja inayotaka kujenga nyumba 800 ilileta wapimaji. Walizunguka siku mbili, wasione kisiki wala tawi lililovunjika. Kwenye ramani wakaandika: 'Eneo halitumiki.'

"Nililia," anasema Shamsia. "Ustaarabu wetu ndio umetuponza."

Mwisho wa mambo hayo alikwisha kuuona Kongowe, Kibaha, alikoolewa dada yake Biubwa. Huko nyumba zimefuatana hadi barabarani, mikindu imekwisha, na Biubwa, msukaji hodari, sasa ananunua mkeka wa plastiki dukani.

Kwenye mkutano wa kijiji viti havikutosha. Ofisa wa kampuni, Castory, akaketi mkekani na wengine na kuuliza kwa upole: "Mama, nani hasa analitumia hili bonde?"

Shamsia hakubishana. "Inuka kidogo, mwanangu, uangalie ulichokalia."

Watu walicheka, na Castory mwenyewe akacheka. Lakini ramani haikubadilika.

"Mwezi ujao mkutano mkuu unapiga kura, bonde litengwe kwa wasukaji au lijengwe nyumba," anasema mwenyekiti wa kijiji, Badru Maneno. "Wapiga kura wanataka ushahidi uonekane bondeni kwenyewe."

Ndiyo maana leo Shamsia ana kazi ya ziada. Kila mkindu anaoukata kuti anaufunga kipande cha ukindu uliotiwa rangi nyekundu. Wenzake wa kijiji cha pili wanafunga cha kijani. Mikindu iliyofungwa imepita mia nne.

Anasita mbele ya mmoja, kisha anakaza fundo.

"Bibi angenichapa kwa kuacha alama," anasema. "Wakilitenga bonde, nitarudi kuzifungua zote, moja moja."