Maji ya Chumvi Nyuma ya Wodi

"Hivi wewe, unamwagilia nini pale, mbona hapaoti hata jani?"

Jirani alimuuliza Mama Ndoo hivyo siku aliyompeleka mwanawe kuchanjwa, akamkuta ameinama nyuma ya wodi na ndoo mkononi. Mama Ndoo akacheka, akajibu kwamba anainywesha nyumba. Jirani naye akacheka, wakaulizana habari za watoto, wakaachana.

Jina la Mama Ndoo alipewa na walinzi wa geti. Alikuwa mfagizi wa kituo cha afya, mwaka wa kumi na nne sasa, mwanamke mfupi, mpole, ambaye hata akimkanyaga paka mkia humwomba radhi. Akiagizwa kazi mara moja, hakumbushwi. Aliamini Mungu anaona hata pembe ambazo fagio halifiki.

Nyuma ya wodi ya zamani kulikuwa na kishimo chenye mfuniko wa zege, upana wake kama sinia. Ndani ilisimama nondo iliyozamishwa ardhini, na kwenye nondo ulibanwa waya mnene unaotoka ukutani. Huo ndio waya ambao mafundi huuita ethi. Umeme ukipotea njia ukaingia kwenye chuma cha mashine, waya huo unauteremsha chini haraka, swichi inajikata, na mtu anapona. Mama Ndoo hakuyajua hayo. Alijua agizo aliloachiwa na msimamizi wa mafundi miaka sita nyuma, wodi ilipofungwa nyaya mpya.

"Mama, kila asubuhi kabla hujafagia, ndoo moja hapa. Tia na chumvi, vikombe viwili. Wakaguzi wanakuja kupima."

"Mpaka lini, baba?"

"Wewe mwaga tu, mama. Utaambiwa."

Wakaguzi wakaja, wakapima, wakatia saini, wakaenda zao. Msimamizi akafunga mizigo yake, na wa kumwambia aache akawa hayupo. Basi akaendelea. Mvua inanyesha, anamwaga. Jua linapasua mawe, anamwaga. Chumvi akawa anatoka nayo nyumbani, imefungwa kwenye pembe ya kanga.

"Mama Ndoo, jengo lako limeshakunywa chai?" walinzi walimtania.

"Limekunywa, na linawasalimu. Linasema mnakoroma sana."

Mwaka huu ikajengwa wodi mpya ya wazazi, imeshikana mgongo na ile ya zamani. Ilisubiriwa kama mvua, maana akina mama walikuwa wanalala wawili kitanda kimoja. Ufunguzi uliwekwa Alhamisi. Jumatatu asubuhi akaja mpimaji wa umeme, kijana mwembamba mwenye miwani, na sanduku la mita na vijiti vya chuma. Huyo hajengi kitu. Hupima walichojenga wengine, waya kwa waya, swichi kwa swichi. Asipotia saini, hakiwashwi kitu.

Alipima wodi mpya yote, akaizima na kuiwasha jenereta mpaka wagonjwa wakazoea kishindo chake. Mwisho akafuata waya wa ethi, akagundua kwamba waliojenga hawakuchimba shimo jipya. Walikuwa wameuunga kwenye kishimo kile kile cha zamani. Akaanza kuchomeka vijiti vyake vya kupimia. Ardhi ile ni changarawe tupu. Kijiti cha kwanza kiligoma, cha pili kikapinda, akavigonga kwa nyundo hadi shati likamganda mgongoni. Akasoma mita. Akavihamisha vijiti, akasoma tena.

"Kuna ubaya, mwanangu?" Mama Ndoo aliuliza, akiegemea fagio.

"Hakuna, mama. Ndiyo maana nashangaa. Namba ikiwa ndogo watu wako salama, na hapa napata tatu. Kwenye changarawe kavu namna hii nilitegemea mia na kitu."

"Basi tumshukuru Mungu."

"Tumshukuru, lakini nataka kujua amepitia wapi."

"Labda ni kwa vile nimeshamwaga."

"Umemwaga nini?"

"Maji ya chumvi. Kama nilivyoagizwa."

Kijana akamtazama kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba barabarani. Akapiga magoti, akainua mfuniko. Kishimo chote kilikuwa kimeota ukoko mweupe, na nondo iliyokuwa nene kama kidole gumba ilikuwa imeliwa ikabaki kama msumari. Akagusa kibanio cha waya, kipande kikamegekea mkononi kama biskuti.

"Mama," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka, "nani alikuambia ufanye hivi?"

Akamweleza. Kijana akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Walikutumia kunyoosha kipimo cha siku moja. Ardhi ikilowa na chumvi, mita inafurahi. Ikikauka, huu waya ni kama haupo. Mashine ikiharibika, chuma chake kinabaki na umeme, na swichi haikatiki. Miaka sita wodi hii imesimama kwa ndoo yako."

Mama Ndoo akakaa kwenye ndoo aliyoigeuza, mkono kifuani.

"Na hukukosa hata siku moja?" kijana aliuliza.

"Sijakosa. Nikiumwa najikokota. Labda mwaka juzi, kiangazi, nilipofiwa na dada yangu. Nilikaa msibani siku kumi na mbili."

"Siku hizo hakikutokea kitu?"

Alifungua kinywa aseme hapana. Akamkumbuka mkamwana wake.

Mke huyo wa mwanawe alikuwa akifanya kazi wodi hiyo ya zamani, chumba chenye mashine ya umeme ya kuchemshia vyombo. Mama Ndoo aliporudi kutoka msibani, alipokelewa getini na habari kwamba mkamwana amerushwa na ile mashine mpaka ukutani. Alipona, kwa rehema za Mungu, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji mpaka leo, na kazi aliacha. Watu wote walisema alishika mashine kwa mikono yenye maji. Mwenyewe aliapa kwamba mikono ilikuwa mikavu. Asubuhi iliyofuata Mama Ndoo alimwaga ndoo yake kama kawaida, na tangu siku hiyo mashine kila ikiwashwa ilikata swichi, mpaka wakaitupa stoo. Hakuna aliyeunganisha ndoo na mashine. Na yeye mama mkwe, kwa upole wake wote, alikwenda kumkalisha binti wa watu kitandani akamwambia, "Mwanangu, uwe unajikausha mikono."

"Mungu wangu," alisema sasa. "Mungu wangu, nilimwambia vile."

Daktari mkuu akatokea wakati huo na matroni nyuma yake. Kijana akawaeleza kila kitu, akawaonyesha kipande cha kibanio. Matroni akajishika mdomo. Daktari alikunja uso, akaangalia mahema ya ufunguzi yaliyokwisha kushushwa uani.

"Mita imekuonyesha ngapi?"

"Tatu, daktari."

"Basi andika tatu. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli ndivyo ilivyosoma. Lakini..."

"Nina wazazi thelathini wanalala kama dagaa, fundi. Shimo jipya tutachimba baada ya ufunguzi, nakuahidi. Mama ataendelea na ndoo yake. Si ndivyo, mama? Wewe hujawahi kutuangusha."

"Na siku akifiwa tena?" matroni aliuliza.

Daktari akaendelea kuyatazama mahema. Kijana alishika kalamu, hakuandika, hakuirudisha mfukoni. Karatasi yake ilikuwa na nafasi ya namba, na namba alikuwa nayo. Habari ya ndoo haikuwa na pa kuandikwa.

Mama Ndoo aliwatazama wote watatu. Kilichomtisha kuliko nondo ile iliyoliwa ni kwamba daktari, mtu mwema aliyemtibu mumewe bila kuchoka, alikuwa amesikia maneno yale yale aliyoyasikia yeye, na bado anamsubiri aseme ndiyo. Maisha yake yote hakumbuki kumkatalia mkubwa. Akasimama, akaishika ndoo, akamkabidhi matroni, kisha akamgeukia kijana.

"Naomba usitie saini leo, mwanangu. Sitamwaga tena, na mashine za wodi ya zamani zizimwe. Rudi baada ya wiki mbili upime pakiwa pakavu, na mkamwana wangu awepo asikie namba."