Kinu cha Nyiramana na Mguu Unaovimba

Saa mbili asubuhi, sokoni Sake, Nyiramana anainua mchi. Majani ya mihogo yanalainika kinuni, na wateja wanasubiri sombe yao huku wakizungumza. Mama huyu wa miaka hamsini na minane husimama hapa kwa muda wa saa tisa kila siku, uzito wote ukiwa kwenye mguu wa kushoto.

Mguu huo ndio unaotishia kazi yake. Kwa miaka minne umekuwa ukivimba kila jioni. Mwaka jana ngozi juu ya kifundo iligeuka nyeusi, ikapasuka, na kidonda kikakataa kufunga. Asipoweza kusimama, nafasi ya kinu chake atapewa mwingine.

"Nilizania maji njo inapanda," anasema. "Nikafunga kitambaa chini ya goti, nguvu, kusudi isifike ku tumbo."

Watwangaji wengi hapa hufanya hivyo. Nyiramana alifunga kipande cha kitenge kwa miaka miwili, akikikaza zaidi kila uvimbe ulipoongezeka.

Aliyekifungua ni Édouard, muuguzi wa kituo cha afya. Hakumcheka. Alipiga magoti sakafuni, akamwosha mguu kwa maji ya uvuguvugu, ndipo akasema, "Mama, hii kamba njo inakataza damu kurudia."

Alimweleza kwamba ndani ya mishipa inayorudisha damu moyoni mna vilango vidogo. Vikilegea, damu hushuka tena na kutuama miguuni. Akapapasa mapigo ya damu upande wa juu wa wayo, na alipoyakuta mazuri akamfunga bendeji ya kuvutika, kuanzia karibu na vidole hadi chini ya goti. Akamwonya: mguu ukivimba ghafla na kuuma, au pumzi ikibana, aje siku hiyohiyo.

Agizo lililobaki lilikuwa gumu zaidi: adhuhuri alale, miguu juu kuliko moyo. Mama mzima alale sokoni miguu juu, mbele ya wanaume? Alikataa wiki mbili.

Ndipo Colette, jirani yake muuza maharage, akatundika kitenge kama pazia kati ya nguzo mbili, akikifunga kwa kile kitambaa cha gotini.

"Lala, Mama. Nitatwanga miye."

"Weye? Sombe yako itakuwa na vijiti."

"Batakula na vijiti."

Walikula. Hakuna aliyelalamika, ingawa wapo wanaosubiri hadi Nyiramana aamke.

Kila mwezi Édouard hupima kidonda kwa uzi safi. Uzi wa kwanza ulikuwa mrefu kama kidole cha kati. Wa sasa hauzidi ukucha. Nyiramana anazihifadhi nyuzi zote ndani ya Biblia yake.

Anajua kwamba hata kidonda kikifunga, bendeji ataendelea kuivaa, maana vilango vilivyolegea havikaziki tena. Anachotaka ni kupanda milimani Masisi, kwa dada yake Kayitesi, ambaye hajamwona tangu mguu uanze kuvimba.

"Naye anafunga goti," anasema, akiushika tena mchi. "Nitamufungulia miye mwenyewe."