Unyayo wa Kuku Niliyepewa na Mama

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya Juni nilipotoka Makambako kwenda Njombe nikiwa na kuku kapuni na uongo moyoni. Wifi yangu alikuwa amejifungua, na desturi yetu unaijua: mzazi haendewi mikono mitupu. Kuku anapelekwa, anachinjwa, mzazi anakunywa supu apate nguvu. Nilikuwa na mwaka wa pili tu kwenye ndoa, ukweni walinipenda, nami nilitaka wazidi kunipenda. Lakini kuku niliyembeba nilimchagua kwa sababu alikuwa anachechemea.

Usinicheke kwanza. Sikiliza.

Yule alikuwa tetea mwekundu niliyepewa na mama yangu kule Mdandu siku naondoka kwenda kuolewa. Mama hakuwa na cha kunipa zaidi ya huyo. Alinikabidhi mkononi akasema, "Huyu anaatamia vizuri, mtunze." Na kweli, mwaka haujaisha alikuwa amenijazia banda. Mume wangu alifanya kazi kwenye mashine ya kupasulia mbao, akawa ananiletea mabanzi, yale ya pembeni yanayobaki gogo likishapasuliwa. Nikajenga banda ambalo majirani walikuja kulitazama. Sakafu nilipiga saruji, na kila asubuhi niliimwagia maji nikaisugua kama sebule ya mchungaji. Fito za kulalia nikaziweka juu kabisa, karibu na bati, kwa mabanzi yaleyale ambayo hayajapigwa randa. Baridi yetu unaijua. Sakafu ikilowa asubuhi, jioni bado ina unyevu. Mimi nilijiona fundi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi sikuwa nalala kwenye zile fito.

Tetea akaanza kusimama kwa mguu mmoja. Nikasema ni baridi. Sisi watu wa huku kila kitu tunaisingizia baridi, hata uvivu. Wiki ya pili akawa hapandi tena juu, analala chini peke yake. Nikamgeuza, nikaona unyayo umevimba, na katikati pana kigaga cheusi kama punje ya harage. Nikaona kinyaa, nikamwachia akaenda zake akiruka kwa mguu mmoja. Habari za wifi ziliponifikia, nikaona njia ya kumtoa nyumbani kabla hajanifia. Nikamfunga miguu yote miwili kwa kipande cha kanga, nikakizungusha mpaka nyayo zisionekane.

Mama mkwe wangu, Bibi Twilumba, alinipokea mlangoni. "Kamwene, mwanangu!" Akamchukua kuku kwa furaha, akaenda naye nyuma ya jiko, ambako maji ya kunyonyolea yalishaanza kuchemka. Mwanangu, niliomba kisu kiwahi. Ila yule mama hakuwa mtu wa kuchinja kuku bila kumpapasa kwanza. Akacheka.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu wako kavishwa soksi kabisa!"

Akafungua, akamgeuza. Kicheko kikakatika. Akaugusa unyayo kwa nyuma ya kidole, akasema pana moto. Kisha akaniuliza ni kuku gani huyu. Nikashindwa kudanganya.

"Ni yule niliyepewa na mama."

Hakupaza sauti, maana mzazi alikuwa chumba cha pili. "Mama yako alitoa kuku wake bora akakupa wewe. Wewe umemfunga kitambaa ili tusione kuwa anaumwa. Na supu ya usaha huu ulitaka anywe nani? Binti aliyejifungua juzi?"

Nikaanza kulia. Machozi hayakumsumbua hata kidogo. "Kulia utalia baadaye. Lete beseni."

Maji yale tukayachanganya na ya baridi mpaka yakawa vuguvugu, tukatia chumvi. Akaniambia nivae mifuko ya nailoni mikononi, kwa sababu uchafu wa kidonda kile unaweza kumwingia mtu mwenye mchubuko. Nikambana kuku mabawa kwa kanga, nikamsimamisha kwenye beseni. Nilidhani atapigana. Alitulia, akafumba macho, nami nikaona aibu upya kwa jinsi alivyoniamini. Tulikaa muda wa kupika ugali, kigaga kikalainika, mama mkwe akakibandua taratibu bila kisu. Kikatoka kiini kigumu cha njano. Ndani yake palikuwa na kibanzi cha paini, chembamba kama sindano.

Nilikitambua. Kilitoka kwenye banda langu lile lililosifiwa.

Akasafisha shimo kwa dawa ya iodini, akafunga kitambaa safi, akamweka kuku kwenye boksi lenye maranda makavu. Halafu akaenda bandani kwake, akakamata kuku wake mwenyewe, akachinja. Jioni wifi alinishukuru kwa supu tamu. Nikamtazama mama mkwe, naye akaendelea kukoroga uji wa ulezi kana kwamba hakusikia. Hakumwambia mtu mpaka anaingia kaburini. Nilikaa pale siku nne, kila siku nikibadilisha kitambaa, na siku ya nne tetea akaanza kukanyaga kwa ule mguu. Nikarudi naye Makambako.

Siku naondoka mama mkwe aliniambia neno moja tu: "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hata ya kuku usiyafiche."

Nimekuandikia haya kwa sababu jana umenitumia picha ya mguu wa jogoo wako, magamba yameinuka na yana ukoko mweupe, ukaniuliza kama umuuze haraka. Usimuuze, mwanangu. Huo ni utitiri, wadudu wadogo wanaojificha chini ya magamba, na ukimuuza unampelekea mwenzio. Osha miguu kwa maji vuguvugu na sabuni, sugua kwa mswaki laini, kausha, kisha paka mafuta ya mgando mpaka magamba yote yafunikwe. Rudia kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa, usikate tamaa. Kuku wengine nao wapake, na fito zisafishwe. Jirani akikushauri mafuta ya taa au oili chafu, mwitikie kwa heshima, usifanye, yanaunguza.

Nyayo nazo zitazame, walau mara moja kwa wiki, jioni wakiwa wametulia. Tazama na katikati ya vidole, maana ninyi mnaofanya kazi ya ususi mnatupa nywele za bandia uani, zinamzunguka kuku kidole mpaka kinakufa. Fito ziwe chini, laini, za mviringo. Sakafu iwe kavu, yenye maranda. Heri banda la vumbi kuliko banda linalong'aa na kulowa. Na ukiona uvimbe unapanda mguuni, au kuku hataki kula, usijifanye daktari kama mimi nilivyojifanya fundi. Mwite mtaalamu wa mifugo, naye ndiye aseme dawa gani na mayai yasiliwe kwa siku ngapi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kosa la kutojua halikunitia aibu sana, maana kila mtu hujifunza. Kinachoniuma mpaka leo ni kile kipande cha kanga.

Basi Mungu akupe mikono isiyoona kinyaa. Akubarikie banda lako, vifaranga wakue, mayai yajae. Na siku utakayoficha kidonda, maana utaficha, wewe ni binadamu, akukutanishe na mtu atakayekifungua bila kukuaibisha mbele za watu.