Jua la Upande wa Eldoret

Wiki jana mjini Nakuru, kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara, nilifungua kamusi kuukuu ya Kiingereza nikakutana na neno nililoliona mara ya mwisho utotoni: apricity. Joto la jua wakati wa baridi. Niliifunga haraka. “Boss, hauchukui?” muuzaji akauliza.

Nililelewa na nyanya huko Molo, ambako nyasi huamka nyeupe kwa sakitu. Miguu yake ilikuwa imeisha nguvu, na daktari alikuwa ameonya kifua chake kisipatwe na baridi. Kila asubuhi nilimkalisha kando ya ukuta wa mashariki wa nyumba aote jua, nikampa uji na waru, viazi vya kwetu, zilizochomwa kwenye majivu. Saa saba nilikimbia kutoka shuleni, akaniegemea begani, nikamhamishia ukuta wa magharibi. Upande wa mashariki tuliuita Nakuru, wa magharibi Eldoret. Jirani, akikamua ng'ombe wake, alipenda kumtania: “Shosho, bado uko Nakuru? Jua limeshafika Eldoret!”

“Nangoja dereva wangu.”

Siku moja mwalimu wa Kiingereza aliandika neno lile ubaoni. Limetoka Kilatini, alisema, kwenye apricus, mahali palipo wazi kwa jua, na huenda lina undugu na neno lao la kufungua. Waingereza wenyewe wameliacha life. Kengele ya chakula ikalia, nami nikabaki nikilinakili, nikiuliza hili na lile. Nilitaka kumpelekea nyanya zawadi: kumbe Wazungu nao wana jina la kile anachokipenda.

Nilipofika, kivuli kilikuwa kimemfunika mpaka kidevuni, na upepo wa mvua ulikuwa umeanza. Jirani alikuwa sokoni. Midomo ya nyanya ilikuwa ya kijivu.

“Dereva, ulipata pancha?” Alijaribu kucheka, akakohoa.

Nilimsugua miguu huku nikimweleza neno na mzizi wake. “Sema tena,” akaniambia. Nikasema tena, na tena. Miguu haikupata joto.

Kikohozi kile hakikumwacha. Tulimzika kabla waru hazijavunwa.

Jumamosi nilipanda kwenda Molo. Nyumba yetu ya mbao ilibomolewa, na boma la jirani limekuwa shamba la watu nisiowajua. Nilisimama kwenye nyasi, mahali palipokuwa na ukuta wa magharibi, nikingoja. Saa saba jua likafika Eldoret.

Safari hii nilikuwa nimewahi.